Muuguzi Aliyetufundisha Kusema Kikaoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, muuguzi mkuu wa hospitali yetu atakabidhi funguo za ofisi yake baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Alianza kama muuguzi wa zamu katika wodi ya wazazi, akasomea ukunga, akawa msimamizi wa wodi hiyo hiyo, na hatimaye akapewa ofisi ya kona, ile yenye dirisha lisilokubali kufungwa wala kufunguka. Wengi wetu tunamwita Mama Dakika Mbili. Wageni hudhani jina hilo limetokana na wepesi wake wa kuzalisha. Sivyo. Lilizaliwa kikaoni, na kamati ya hafla imeniomba mimi, mfamasia niliyekaa naye meza moja miaka mingi, nieleze ilivyokuwa.

Ninyi mliokuja juzi juzi mmemkuta akiwa mtu ambaye akifungua mdomo, hata anayechezea simu chini ya meza anaiweka mfukoni. Mtashangaa mkisikia kwamba zamani jina lake lilikuwa Bi Mlangoni.

Ukumbi wetu wa vikao mnaujua. Meza tatu zimeunganishwa kuwa moja, na kwa kuwa hazilingani kimo, kikombe kikiwekwa kwenye maungio kinaelekea kwa jirani. Wakubwa hukaa mezani. Wengine hukaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani. Yeye alikuwa na kiti chake cha plastiki kando ya mlango, mkoba mapajani, kama abiria anayeogopa kupitilizwa kituo. Alilelewa katika nyumba ya watoto saba ambamo aliyesikika ndiye aliyetumwa dukani, kwa hiyo alijifunza mapema faida ya kunyamaza. Juu ya hapo, mama yake hakuchoka kuwakumbusha kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Cha ajabu ni kwamba wodini alikuwa mtu mwingine kabisa. "Sukuma, mwanangu, sukuma! Huyo anakuja! Usinilegezee sasa!" Sauti hiyo ilivuka ua, ikapita kliniki ya meno, ikatufikia sisi famasi tukihesabu vidonge. Lakini akivuka kizingiti cha ukumbi, sauti ilibaki nje kama mwavuli uliolowa.

Siku moja alijikaza. Alikuwa na wazo kwamba mama aliyejifungua apelekewe dawa zake kitandani siku ya kuruhusiwa, badala ya kusimama foleni famasi na kichanga mgongoni. Wazo zuri, na lilinihusu mimi, kwa hiyo nilitega sikio. Akaanza hivi: "Samahani, labda ni jambo dogo tu, sijui hata kama lina maana, na mtanisamehe kama limeshasemwa..." Mpaka afike kwenye foleni yenyewe, mwenyekiti alikuwa ameangalia saa mara mbili. "Ahsante, Sista. Tutaliangalia." Kikao kikaendelea.

Haikupita muda, daktari wa upasuaji akanyanyua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. Ana sauti nzito, ya kuamsha mtaa. "Mwenyekiti, kwa nini wazazi wasipelekewe dawa wodini?" Meza ikapigwa viganja. Wazo likapita pale pale. Bi Mlangoni naye akapiga makofi.

Msimlaumu daktari. Kwa kweli hakuwa amemsikia. Na hicho ndicho kilichomuuma zaidi: angeibiwa wazo, angekuwa na mtu wa kumkasirikia. Alikuwa amesema mbele ya watu ishirini na hakuna aliyesikia.

Dada yake mkubwa alikuwa refa wa mpira wa pete, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye wachezaji walimwogopa kuliko walivyowaogopa wapinzani. Jumamosi ile mdogo mtu alimfuata uwanjani mechi ilipokwisha, akamsimulia yote huku machozi yakimlengalenga. Dada alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Unacheka nini, dada?"

"Nakucheka wewe, mdogo wangu. Ulipuliza filimbi nusu. Refa akipuliza nusu, wachezaji wanaendelea kucheza. Hawakudharau, hawajui kama umepuliza."

"Sasa mimi nina filimbi wapi?"

"Simama pale katikati."

Akamsimamisha kwenye duara la katikati ya uwanja mtupu, yeye mwenyewe akaenda kusimama chini ya goli. Akamwambia aseme lile wazo la dawa. Akasema. Dada akaweka mkono sikioni. Akarudia. Dada akatikisa kichwa. Mara ya tatu akapiga kelele hadi kunguru wakaruka juu ya paa.

"Sasa unagomba," dada akamwambia. "Sikukuambia ugombe. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Vuta pumzi. Sema unachotaka kwanza, sababu baadaye, kisha nyamaza. Na hilo samahani lako liache nyumbani. Umeona wapi refa anaomba radhi kabla ya kutoa faulo?"

Kutoka hapo mazoezi yakahamia jikoni kwake. Mume wake, fundi seremala anayependa mzaha, alijiteua mwenyekiti. Alikaa kichwani mwa meza aliyoitengeneza mwenyewe, akavaa miwani ya kusomea, na kazi yake ikawa moja tu: kumkatiza mkewe. "Muda umekwisha, Sista." "Hilo lilishajadiliwa mwaka juzi, Sista." "Sista, mchuzi unaungua." Watoto walikuwa wajumbe, na waliagizwa kupiga miayo. Binti yao wa pili, ambaye leo ni mwalimu, ananiambia kwamba waliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mama yao alijifunza kungoja mwayo uishe, kisha kuendelea pale alipoishia bila kurudi mwanzo.

Msidhani alibadilika mara moja. Kikao cha kwanza baada ya mazoezi alisema kwa nguvu hivi kwamba daktari wa upasuaji aliangusha biskuti ndani ya chai. Kikao cha pili alikanyaga chini kwa miguu yote miwili kama alivyofundishwa, akavuta pumzi, akasahau alichotaka kusema. Tulicheka. Naye akacheka, akakaa, akasema, "Kitarudi tu," na kweli kilirudi kabla ya kikao kufungwa.

Alifanya na mambo mengine madogo ambayo hayakupigiwa makofi. Alianza kufika mapema na kukaa mezani, katikati, kwenye yale maungio ya vikombe, mahali ambapo hakuna aliyepagombania. Akamwendea katibu muhtasi na kumwomba jambo lake liandikwe kwenye ajenda, maana miaka yote alikuwa akilileta kwenye Mengineyo. Kila aliyewahi kukaa kikaoni anajua kwamba Mengineyo ni pale watu wameshashika mikoba. Ukisema hapo, unaiambia migongo.

Basi ukaja mwaka wa jengo jipya.

Mkurugenzi wetu wa wakati ule alilipigania jengo hilo kwa muda mrefu. Alibisha kila mlango, akarudishwa, akabisha tena. Lilipokamilika, la ghorofa mbili, madirisha mapana, sakafu inayong'aa, alilitembelea kila asubuhi kabla hajaingia ofisini, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Mpango ulikuwa wodi ya wazazi ihamie juu, ghorofa ya pili, penye hewa na mwanga. Tarehe ya ufunguzi ikapangwa, wageni wakaalikwa, hema likakodiwa.

Tatizo lilikuwa lifti. Chumba cha upasuaji kilibaki chini, katika jengo la zamani, na kati ya juu na chini palikuwa na lifti moja na ngazi nyembamba zenye kona mbili ambazo machela haiwezi kupinda. Na lifti ilikuwa na tabia zake. Wiki ya majaribio ilisimama katikati ikiwa na mpishi pamoja na sufuria la chai ya wagonjwa. Walipomtoa, muda mrefu baadaye, alisema hana malalamiko, ila chai imepungua. Hospitali nzima ilicheka wiki nzima.

Mkunga wetu hakucheka. Alimwona mtu mwingine ndani ya lifti ile.

Alizunguka kuulizia. Fundi mkuu alimwambia kwamba mashine yenyewe si mbaya ila umeme wetu unaichosha, na umeme wetu mnaujua. Daktari wa upasuaji alikiri kwamba jambo hilo linamnyima usingizi. Mtaalamu wa dawa ya usingizi, mhasibu, mkuu wa stoo, kila mmoja alikuwa na yake ya kusema, na kila mmoja aliyasema koridoni, kwa sauti ya chini, akigeuka kutazama nyuma. Akawauliza: mtasema kikaoni? Wote walijibu kwa maneno yale yale, utadhani wamekaririshwa: "Wewe anzisha, sisi tutakuunga mkono."

Sababu ya woga ule haikuwa ukali wa mkurugenzi. Alikuwa mtu mwema, na furaha yake ilikuwa kubwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kuimwagia maji. Kwa hiyo tulikuwa tunafunika kombe.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alipitia mpangilio wa sherehe: nani anakata utepe, nani anakaa wapi, kwaya inaimba saa ngapi. Akafika kwenye kuhamisha wodi, akasoma aya mbili, akafunga faili.

"Kama hakuna lingine, tunapita."

Feni inazunguka. Mtu anakoroga chai isiyo na sukari ya kukorogwa.

Akasimama. Hakuna sheria ya kusimama katika vikao vyetu, kwa hiyo kusimama tu kulitosha kugeuza vichwa.

"Mwenyekiti, naomba dakika mbili. Na naomba nisikatizwe."

"Sista, muda umetubana kweli leo. Tuonane baadaye ofisini."

Hapo ndipo Bi Mlangoni wa zamani angekaa. Hakukaa, na wala hakujibu. Alibaki amesimama, mikono juu ya meza, anamtazama mkurugenzi usoni bila ukali, kama anavyomtazama mama anayesema hawezi tena. Alisubiri hadi aliyekuwa anakoroga chai akaacha. Mkurugenzi akarudi nyuma kitini.

"Haya. Dakika mbili."

"Naomba wodi ya wazazi isihamie juu mpaka iwepo njia ya kumteremsha mama bila lifti." Akanyamaza kidogo, maneno yaingie. "Sababu ni moja. Mama akianza kuvuja damu baada ya kujifungua, hatuna muda wa kumwita fundi. Nimewashika mikono wengi wa namna hiyo, na Daktari hapa amewaokoa wengi, kwa sababu mlango wetu na mlango wake inatazamana. Tukienda juu, katikati yetu panakuwa na sanduku la chuma ambalo wiki iliyopita lilimfungia mpishi. Yeye alikuwa na chai. Mama huyo hatakuwa na kitu."

Akakaa. Nadhani alitumia dakika moja, na iliyobaki aliturudishia.

Uso wa mkurugenzi ulikuwa umebadilika. "Mnaniletea haya leo? Wageni wamealikwa! Hema limelipiwa! Mlikuwa wapi miezi yote?"

"Mzee wangu," akamjibu, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu, "jengo lile ni jasho lako, na hapa hakuna asiyejua. Ndiyo maana nasema. Sitaki siku moja jina la jengo lako litajwe msibani."

Mkurugenzi akazungusha macho mezani. "Haya. Ni nani mwingine anaona hivi?"

Mkutano ule una sehemu moja ambayo wote tuliokuwepo tunaikumbuka, nayo ni muda uliopita kabla ya mkono wa kwanza kunyanyuka. Mkunga hakumtazama yeyote kwa kumsihi. Alitazama mbele.

Wa kwanza alikuwa fundi mkuu. Kisha daktari wa upasuaji, na ile sauti yake nzito, safari hii alianza kwa kusema, "Naunga mkono alichosema Sista," akiwa amemgeukia. Baada ya hapo mikono ilipanda kama ya wanafunzi wanaojua jibu, na wangu ukiwemo.

Mkurugenzi alivua miwani. Aliposema, hakusema kwa hasira.

"Yaani mlikuwa mnajua wote. Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tulikuwa tunaambiana sisi kwa sisi," fundi mkuu akasema, na mtu mmoja akacheka kwa wasiwasi, kisha mkurugenzi mwenyewe akacheka, na hewa ikarudi ukumbini.

Sherehe ilifanyika, hema halikupotea bure. Mkurugenzi aliwaeleza wageni wazi kwamba juu zitakwenda kwanza ofisi na stoo, na kwamba wazazi watahamia itakapojengwa njia ya mteremko ya machela kutoka ghorofa ya pili hadi mlango wa upasuaji. Mmoja wa wageni aliguswa na maelezo hayo akachangia saruji. Njia ikajengwa. Ni ile ile ambayo watoto wa wagonjwa huigeuza mahali pa kuteleza, na walinzi hawana namna.

Mwaka uliofuata, adhuhuri moja, umeme ulikatika na lifti ikaganda. Juu kulikuwa na mama aliyejifungua mtoto wake wa nne na damu ilikuwa haisimami. Wahudumu wawili na mkunga wetu walimteremsha kwa machela wakikimbia, yeye akiwa kando ameshika chupa ya maji ya mshipa juu kama mtu aliyebeba taa. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshavaa glavu mlangoni. Mama yule alipona. Alipotoka hospitalini alipita ukumbini kutuaga, tukiwa kikaoni, na mkurugenzi akasimama kumpisha kiti chake. Kisha alimtazama mkunga, akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kwenye ajenda.

Kabla hajastaafu, mkurugenzi huyo alimpa uenyekiti wa kikao cha Jumatatu cha wakuu wa vitengo. Na hapa, kwa kuwa huu ni wasifu na si wimbo wa sifa, lazima niseme kwamba mwaka wa kwanza alituchosha. Mtu aliyepata sauti ukubwani ana hamu nayo. Alifungua kikao kwa hotuba, akajibu kila hoja, akafafanua yaliyoeleweka, akafunga kwa hotuba nyingine. Mhasibu alianza kuja na kitafunio. Dada yake refa alihudhuria siku moja, amekuja kumchukua waende kumwona shangazi yao mgonjwa, akasubiri kwenye kiti cha plastiki na kusikia yote. Walipokaribia kufika ndipo aliposema.

"Leo umepuliza sana."

"Si wewe uliyenifundisha kupuliza?"

"Nilikufundisha, ndiyo. Lakini refa anayepuliza kila hatua, watu hawatazami tena mchezo. Wanamtazama yeye."

Alikasirika, akanuna siku nzima, mumewe anasema hata mchuzi wa siku ile ulinuna. Jumatatu iliyofuata alifungua kikao kwa sentensi moja. Hatukuamini. Mhasibu alirudisha karanga zake mkobani.

Kuanzia hapo akaanza kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko ile ya lifti. Aliwageukia wengine. Alianzisha utaratibu kwamba mwenye cheo kidogo aseme kwanza, kwa sababu mkubwa akishasema, wadogo wote ghafla wanakubaliana naye. Akaifuta Mengineyo, ukiwa na jambo, lina nafasi yake kwenye ajenda au halina. Na mtu akirudia wazo la mwenzake kwa sauti nzuri zaidi, yeye husema kwa upole, bila kumwaibisha yeyote, "Naam, hilo ndilo alilosema muuguzi wa watoto. Hebu tuendelezee, Sista." Daktari wa upasuaji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiga tabia hiyo. Leo ni shabiki wake mkubwa, na akijisahau anajikemea mwenyewe.

Wanaofanya kazi maabara watanisamehe nikimtaja mkuu wao, maana ameniruhusu. Alipokuja kwetu alikuwa kijana mwenye kigugumizi kizito. Taarifa zake alimpa mwenzake azisome. Kikaoni aliitikia kwa kichwa. Mwenyekiti wetu alimfuata maabara, akakaa juu ya kigoda kati ya darubini, wakazungumza kwa muda mrefu. Walichozungumza wanakijua wao. Jumatatu iliyofuata alimtaja kwa jina la kazi yake na kumpa nafasi.

Kijana akasimama. "Jo... jo... jo..."

"Joto?" akasaidia mmoja. "Jokofu?" akasaidia mwingine. Tulikuwa na nia njema, na tulikuwa tunamzika.

Mwenyekiti akainua kiganja. "Tumsubiri. Neno ni lake."

Tukasubiri. Mkononi mwake hakuwa na saa wala kalamu. Alikuwa anamtazama tu, ametulia kama ana asubuhi nzima ya kumpa. Na kwa kuwa yeye alitulia, sisi nasi tukatulia, na kwa kuwa sisi tulitulia, kijana akapata pumzi. "Jokofu la damu," akasema, "linahitaji mlango mpya, na naeleza kwa nini." Akaeleza. Alikwama mara kadhaa, tukangoja mara kadhaa. Jokofu likapata mlango. Kigugumizi hakijaisha hadi leo, na hajali. Huendesha mafunzo ya wataalamu wenzake kutoka hospitali nyingine, na nimeambiwa ukumbi wake huwa kimya kuliko wa mtu yeyote, kwa sababu watu hawataki kupitwa na neno linalokuja.

Siwezi kuorodhesha wote aliowainua hivi. Wapo muuguzi aliyekuwa anajificha nyuma ya nguzo, mhudumu wa usafi ambaye sasa ni mjumbe wa kamati ya usalama, daktari mgeni aliyekuwa anasema upesi mno kwa woga. Huyo wa mwisho alishauriwa aseme kama anamwelekeza bibi yake njia. Akajibu kwamba bibi yake anasema upesi kuliko yeye. Walicheka, kisha wakatafuta bibi mwingine.

Mama Dakika Mbili ana mapungufu yake. Hajui kuimba na hajui kwamba hajui. Kipaza sauti hakipendi, akipewa hukiweka mezani na kuuliza kama wa nyuma wanasikia, nao husikia. Chai yake akiisahau ikapoa huinywa hivyo hivyo na kulaumu watu wa jikoni. Dada yake, refa, alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Mazikoni mdogo mtu ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia. Alisema machache, akisimama imara, na wachezaji wa zamani waliokuwa wamejaa uani walisikia kila neno hadi barabarani.

Niseme la mwisho, kuhusu kikao cha Jumatatu iliyopita, kilichokuwa cha mwisho kwake. Kiliongozwa na muuguzi mkuu mpya, mwanamke ambaye Mama alimpokea akiwa mwanafunzi wa ukunga anayezimia akiona damu. Mama alikuwa na ombi. Alitaka kwa nusu mwaka aendelee kuja kila Jumatatu, bila malipo, akae pembeni, awasaidie pale watakapokwama. Alilisema kwa ufupi na kwa sababu, kama kawaida yake, na wengi wetu tulishaanza kutikisa vichwa kukubali. Nani angemkatalia?

Muuguzi mkuu mpya alivuta pumzi.

"Mama, mimi nasema hapana. Ukija, kila nikiuliza swali watu watakutazama wewe kabla ya kunijibu mimi. Nami nitakutazama. Naomba ukae nyumbani, na nikikwama nitakufuata mwenyewe."

Daktari wa upasuaji alitazama dari. Mama alimtazama yule binti, na kwa kweli kwa muda mfupi niliona imemchoma. Mtu haachi miaka thelathini na minne kama anavua koti. Kisha akauliza, "Kuna mwingine anayeona hivyo?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa muuguzi mdogo kuliko wote, wa wodi ya watoto, ambaye hajamaliza hata mwaka kwetu. "Mimi, Mama," akasema, kwa sauti iliyofika kila pembe. Kisha ikaja mingine.

Mama Dakika Mbili alihesabu mikono, akaona ameshindwa. Akaanza kucheka, cheko lile lake la kutoka tumboni, mpaka akafuta macho kwa kitambaa. "Hoja yangu imeanguka," akatangaza. "Andikeni hivyo kwenye kumbukumbu za kikao. Imeanguka mbele ya watu wote, na hakuna aliyeningoja koridoni." Akanyanyuka, akamkumbatia aliyemshinda, akatoka mlangoni akiwa bado anacheka, na kikao kikaendelea na ajenda namba nne.

Mama, kwa niaba ya kila aliyewahi kusikika katika jengo hili kwa sababu ulinyamaza ili asikike, ahsante sana. Ahsante kwa mumeo na wanao waliotuazima wewe asubuhi nyingi hivi. Jumatatu zako ziwe ndefu na zisiwe na ajenda, chai yako ikukute ikiwa ya moto, na wajukuu wakukatize kila unapotaka kusema. Nenda ukapumzike kwa heri na afya tele. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema.